Tendo Moja: Mambo Yameshatokea Kabla Mchezo Haujaanza

Vijana wa vikundi vya maigizo hapa Unguja hunijia mara nyingi na tamthilia ndefu wanayotaka kuipunguza itoshe nusu saa. Nawaambia waiache ilivyo. Tamthilia ndefu ikikatwakatwa hubaki watu wa kuingia, kutoa habari na kutoka, na hadhira haipati muda wa kumpenda wala kumchukia yeyote. Mchezo wa nusu saa, wenye tendo moja tu, upo, umeandikwa hivyo tangu mwanzo, na una kanuni zake.

Kubwa katika hizo ni hii: mwandishi wa tendo moja anaanza pale ambapo mwenzake wa matendo matano angekuwa anakaribia kumaliza. Mtu ameshakufa, deni limeshaiva, ndoa imeshavunjika. Kinacholetwa jukwaani ni saa ya mwisho tu. Kwa hivyo kazi ya mwongozaji ni kuyafanya yale ambayo hadhira haikuyaona yawe na uzito kuliko yale inayoyaona, na mara nyingi anacho kitu kimoja tu cha kumsaidia: mbao, kofia, tundu la ndege.

Kwa mazingira yetu aina hii inafaa khasa. Tukicheza baada ya alasiri, watu wanataka kuwa nyumbani kabla ya magharibi, na wasichana wa kikundi wanasubiriwa na wazee wao. Tukicheza kwenye uwanja wa wazi kama ule wa ndani ya Ngome Kongwe, hatuna pazia la kufunga wala giza la kubadilishia mandhari. Mchezo wa chumba kimoja, usio na mapumziko, unatuondolea mashaka yote hayo.

Ninaourudia kila mara ni Riders to the Sea wa J. M. Synge, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1904. Synge alikuwa Mwayalandi aliyekuwa akiishi Paris, mshairi W. B. Yeats ndiye aliyemhimiza aende visiwa vya Aran, magharibi ya Ayalandi. Akaanza kwenda mwaka 1898, akawa anarudi, akikaa na watu wa pwani na kusikiliza wanavyosema. Mchezo wenyewe uko ndani ya nyumba moja ya kisiwani. Bi Maurya bahari imeshamchukulia mume, baba mkwe na watoto wanne wa kiume. Wa tano, Michael, ana siku tisa hajulikani alipo. Wa sita, Bartley, ndiye pekee aliyebaki, na leo anataka kuvuka na farasi kwenda kuwauza, upepo umeshachafuka.

Binti zake wawili, Cathleen na Nora, wanamficha mama furushi dogo lililoletwa na kasisi: shati na soksi za maiti aliyeonekana Donegal, mbali sana kaskazini. Shati haliwathibitishii kitu, kwa kuwa kitambaa kama kile kimejaa madukani. Soksi ndiyo inayosema. Nora aliifuma kwa mkono wake, anakumbuka alianza na vitanzi sitini na akaangusha vinne. Anahesabu. Vimetimia. Kaka yao ameshakufa, nasi tumeujua msiba kwa hesabu ya uzi.

Ukiuleta mchezo huu Pemba, mahali pake naona ni Kojani, kwa wavuvi wanaokwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, wakakaa huko wiki kwa wiki huku nyumbani hawajui khatima yao. Gurudumu la kusokotea sufu analokaa nalo Cathleen mwanzoni linageuka ukili, ule msuko wa majani ya mkindu, bila taabu yoyote. Mikono yake inasuka huku macho yako mlangoni. Soksi ndiyo yenye kazi. Wengi hukimbilia kuweka shati au kikoi, na hapo wanaua mchezo, maana kikoi hununuliwa. Kinachotakiwa ni kitu kilichohesabiwa na mkono wa dada. Mimi naweka kofia ya mkono. Kofia ya viua vitobo vyake huzungushiwa uzi kimoja kimoja, na aliyeishona anaijua kazi yake hata akiamshwa usingizini: hapa nilikosea safu, hapa uzi uliniishia nikaunga mwingine. Iwe imekunjwa mfukoni mwa shati la marehemu, si kichwani, bahari isingemwachia kichwani. Nora wetu aikunjue taratibu, aipitishie kidole kwenye safu, akifika penye kosa lake kidole kisimame. Hapo asiseme kitu kwanza. Mwache Cathleen aulize.

Tangu mchezo unapoanza, ukutani zimesimama mbao mpya nyeupe zilizonunuliwa kwa ajili ya jeneza la Michael, atakapopatikana. Kwetu zitakuwa za kiunza, mbao za kumfunikia maiti kaburini, na hadhira yetu haihitaji kuelezwa. Mbao zilizoandaliwa kwa mtoto mmoja zinakwenda kumfunika mwingine. Lakini kuna kisa cha misumari: mwishoni, Bartley ameletwa maiti, mzee anayetakiwa kutengeneza jeneza anagundua kwamba mbao zipo na misumari haikununuliwa, na watu wanashangaa, maana kwa majeneza yote aliyoyaona Bi Maurya, haikutarajiwa asahau misumari. Kwa ukali wake mdogo hakuna mstari unaonigusa zaidi katika mchezo mzima. Kiunza hakigongwi misumari, na sikubali kubuni kibadala chake. Ukiuhamishia mchezo kwetu, mstari huo uwache uende. Ukitaka kubaki nao, cheza watu wakiwa Waayalandi kisiwani kwao, wanaosema Kiswahili. Hilo nalo ni chaguo la heshima.

Usichokipoteza kwa hali yoyote ni radhi. Bartley anaaga, anamtakia mama yake baraka za Mungu, na mama hamjibu. Binti wanamlaumu, wanampa mkate ambao walisahau kumpa Bartley, amfuate njiani ampelekee na amtamkie neno jema. Anakwenda, na anaporudi mkate bado uko mkononi mwake. Anasema alimwona Bartley juu ya farasi mwekundu, na nyuma yake, juu ya farasi wa kijivu, alikuwemo Michael, na neno likamkwama kooni. Kwetu sisi mtoto kusafiri bila radhi ya mama ni jambo ambalo ukumbi mzima utalihisi mwilini. Mwigizaji wa Bi Maurya akiingia, basi aingie na ule mkate ukionekana kabla ya uso wake.

Lugha nayo. Kiingereza cha Synge kimejengwa juu ya mtindo wa Kigaeli cha watu wa Aran, hakifanani na cha vitabuni. Ukikitafsiri kwa Kiswahili cha mtangazaji wa habari umekivua nguo. Kipemba kipo, na wazee wa kukisahihisha wapo, kaa nao.

Na kabla hujaupeleka mchezo huu Nungwi, Wete au popote pengine pa pwani yetu, zungumza na watu wa mahali hapo. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikienda Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 Skagit ikazama ikitokea Dar es Salaam. Zipo nyumba zilizobaki na mtu mmoja. Sisemi usichezwe. Naamini kabisa kwamba watu hao ndio wenye haki zaidi ya kumsikia Bi Maurya akisema kwamba sasa bahari haina tena la kumfanyia. Lakini wajulishwe mapema mchezo unahusu nini, usitie sauti za mawimbi wala kelele za watu wanaozama, na wanawake wanaoingia mwishoni waingie wamejitanda kanga, wakae chini kimya. Synge mwenyewe amekiacha kifo nje ya mlango. Na wewe kiache huko huko.

Trifles wa Susan Glaspell unataka maandalizi machache kuliko huo wa Synge. Ulichezwa mara ya kwanza Provincetown, Marekani, mwaka 1916, na Glaspell mwenyewe akiwa mmoja wa waigizaji. Alikuwa mwandishi wa gazeti huko Iowa, na kisa alikitoa katika kesi ya mauaji aliyoiandikia habari. Mume ameuawa, mke yuko mahabusu, na wanaume wa serikali wanapekua juu ghorofani wakitafuta sababu. Wanawake wawili waliofuatana nao wanabaki jikoni, na huko jikoni ndiko sababu iliko: mshono ulioharibika ghafla, tundu la ndege lililovunjwa mlango, na ndege mwenyewe ndani ya kisanduku cha kushonea, shingo imenyongwa. Mshitakiwa hatumwoni hata mara moja. Kwetu wanaume waache wapite kuelekea barazani, wakitoa dharau zao njiani, na jiko libaki jiko. Ninalolisisitiza kwa waigizaji ni kwamba wale wanawake hawafanyi njama. Wanaelewana kwa vitendo vya mikono, mmoja anafumua mishono mibaya na kuishona upya huku mwenzake anamwangalia, na uamuzi wa kuficha unakuja bila kutamkwa. Ukiona mwigizaji ananong'ona kama mpelelezi, simamisha mazoezi.

Kwa kicheko kuna The Bear wa Anton Chekhov, wa mwaka 1888. Mjane Popova ana miezi saba amejifungia ndani kwa ajili ya mume ambaye hakuwa mwaminifu. Anaingia Smirnov kudai rubo 1,200 za shayiri aliyomuuzia marehemu, wanagombana hadi wanataka kupigana kwa bastola, na wanaishia kupendana. Hadhira ya Zanzibar itafanya hesabu yenyewe: eda ni miezi minne na siku kumi, huyu imeshamalizika zamani, basi anakaa ndani kumkomesha nani? Wanaoogopa busu la mwisho wasiogope, hulihitaji. Mwanzoni Popova aliagiza farasi wa mumewe, Toby, aongezewe shayiri. Mwishoni anaagiza leo asipewe kabisa. Sentensi hiyo inatosha, mradi umehakikisha ile ya mwanzo imesikika hadi safu ya nyuma.

The Stronger wa August Strindberg, wa mwaka 1889, nawapa wasichana wawili wenye uzoefu pekee. Mmoja anasema mchezo mzima, mwenzake hatamki neno. Anayenyamaza ndiye mwenye kazi ngumu.

Msidhani kwamba umbo hili ni la Ulaya tu. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliziunganisha tamthilia zake Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi katika kitabu kimoja mwaka 1976, fupi zote mbili, zimejengwa juu ya msimulizi wa ngano. Kijana anayetaka kusimama peke yake mbele ya watu aanzie hapo.

Kuhusu haki za maandishi: Synge, Chekhov na Strindberg wamefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na Glaspell mwaka 1948. Lakini tafsiri mpya za Kiingereza za Chekhov na Strindberg zina wenyewe. Tumieni zile kongwe mnapotafsiri, na jina la mtafsiri wenu wa Kiswahili liandikwe kwenye tangazo.

Mazoezi nayaanzia mwishoni. Tunasoma dakika tano za mwisho, kisha namuuliza kila mwigizaji amefanya nini tangu alfajiri ya siku ile hadi anapoingia jukwaani. Mpaka kila mmoja awe na jibu lake, ukurasa wa kwanza hatuufungui. Na kwa atakayeuchukua Synge, kofia iagizwe siku hiyo hiyo, maana ya mkono huchukua wiki nyingi kushonwa, na ukiweka ya mashine, Pemba wataijua mara tu itakapokunjuliwa.