"Kazaliwa Dar, Joto Gani Litamsumbua?": Dhana Potofu Kuhusu Kupiga Kambi na Mbwa

"Dokta, huyu kazaliwa Dar, joto gani litamsumbua?" Likizo za Juni na Desemba zikikaribia, maneno haya nayasikia kliniki kutoka kwa wateja wanaojiandaa kwenda kupiga kambi na mbwa wao: wengine Longido na Ziwa Natron, wengine Same, Lushoto au milima ya Uluguru. Yanasemwa kwa upendo na kwa kujiamini kabisa. Ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, maana mwenye nayo hatafuti ushauri. Anataka chanjo tu, kadi igongwe muhuri, aondoke. Leo nitaijibu kwa urefu, nyingine nitazigusa kwa kifupi.

Mbwa hana jasho la kumpoza. Tezi chache alizonazo kwenye nyayo hazitoshi kitu. Kazi karibu yote inafanywa na kuhema: hewa inapita juu ya ulimi, puani na kooni, maji yanageuka mvuke, damu iliyo chini ya utando huo inapoa. Ili njia hiyo ifanye kazi, hewa lazima iwe na nafasi ya kupokea mvuke, na mbwa awe na maji ya kupoteza. Hapa Dar hewa ndiyo tatizo. Kati ya Januari na Machi imejaa unyevu wa bahari, mbwa anahema na bado hapoi sawasawa.

Sasa mwangalie huyo wako anaishije. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni yuko uvunguni mwa gari, au kajibwaga kwenye vigae vya baraza, au kachimba shimo kwenye udongo wenye maji maji chini ya mwembe. Anaamka jua likishaanza kulegea. Joto hajalizoea, kazoea kulikwepa, na anafanikiwa kwa kuwa uani kwako kuna kivuli, sakafu ya baridi na ndoo ya maji isiyokauka. Kambini unamnyang'anya vyote vitatu, halafu unamwongezea kazi: kutembea kilomita kadhaa, kukimbiza kanga, kubweka ng'ombe wa watu, kuhangaishwa na harufu mpya kutwa nzima. Misuli inayofanya kazi huzalisha joto, na joto hilo linajumlishwa na la jua.

Nchi kavu nayo ina namna yake ya kumdanganya mwenye mbwa. Hewa ya tambarare za Longido inapokea mvuke vizuri kuliko ya Dar, kwa hiyo kuhema kunampoza mbwa na mnatembea mkidhani mambo ni shwari. Gharama yake ni maji, na hutayaona yakitoka, maana hakuna shati linalolowa. Mbwa wa kilo 20 aliyetulia nyumbani anahitaji takriban lita moja kwa siku, ukihesabu na ile iliyo ndani ya chakula. Akitembea juani panga mara mbili hadi tatu ya hapo. Wengine wananijibu kwamba atakunywa njiani. Njiani wapi? Makorongo mengi ya kule kiangazi ni mchanga mtupu, na Ziwa Natron ni maji ya magadi, pH yake hupita 10. Mbwa mwenye kiu atayalamba tu, na yatamuunguza utando wa mdomo na tumbo. Dumu la lita 20 la mbwa peke yake, lenye alama yake, lisichanganywe na maji ya chai: hilo ndilo ninalowaomba wateja wangu, na wengi hunitazama kana kwamba natania.

Halafu mbwa hajui kusema basi. Mtu akichoka anakaa chini. Mbwa anayempenda mwenyewe atamfuata mpaka miguu ikatae, na ikikataa tayari umechelewa. Wenye pua fupi, yaani bulldog, pug na boxer, nawaambia wenyewe wazi: waacheni nyumbani. Boerboel na Rottweiler wana mwili mzito unaoshika joto, na mbwa yeyote mnene yuko kundi hilohilo. Mbwa wetu wa kienyeji, mwembamba, mwenye pua ndefu na nywele fupi, ana nafuu kubwa. Nafuu si kinga. Mbwa wa Wamasai unayemwona akipita na ng'ombe saa saba mchana amekulia palepale, mwili wake umejijenga kwa hali ile tangu mdogo, na hata yeye mwangalie vizuri: kila mifugo ikisimama, yuko chini ya mgunga.

Dalili ni hizi. Kuhema kwa kasi kusikotulia hata akiwekwa kivulini. Ulimi umepanuka na kuwa mwekundu wa kukolea. Mate mazito yanayovutika. Halafu kuyumba kama mlevi, kutapika, kuharisha, pengine na damu, na mwisho degedege. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika: utando wa utumbo, figo, ini, damu kushindwa kuganda. Ndiyo maana mbwa anaweza kuonekana kapata nafuu jioni akafa kesho yake au keshokutwa. Nunua kipimajoto cha kidijitali duka lolote la dawa, kipake Vaseline, kiingie kwenye njia ya haja kubwa. Ni kifaa cha bei ndogo, na sijui kwa nini watu wananunua kiti cha kukunja cha mbwa kabla ya hicho.

Ratiba iwe hivi: mnatembea saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Saa nne mbwa awe kivulini, na kivuli hicho kisiwe ndani ya hema lililofungwa, maana hema juani ni tanuri. Mnaamka tena baada ya saa kumi jioni. Asiyeweza kuishi kwa ratiba hiyo asimchukue mbwa.

Dhana nyingine inazaliwa na hiyohiyo, na imeua mbwa ambao wangepona: "Usimwagie maji ya baridi aliyepigwa na joto, atapata mshtuko" au "atapata nimonia." Mwagia. Maji yoyote uliyonayo yaliyo baridi kuliko mbwa yanafaa, hata ya kwenye kisanduku cha kupozea soda. Mbwa kijana mwenye afya unaweza kumlaza kwenye maji ukamshika kichwa juu. Mzee au mgonjwa mmwagie mfululizo huku ukimpepea kwa kanga, mkeka au kiyoyozi cha gari. Yafike tumboni, mapajani na kwapani. Taulo lililoloweshwa usimfunike nalo ukaliacha, maana likishapata joto linamzuia kupoa. Mtandikie ulilolowesha, usimfunike. Usimmiminie maji mdomoni kwa nguvu. Akitaka mwenyewe na ana fahamu, mwache alambe. Joto likishuka hadi 39.5 acha kumwagia, asije akapitiliza kwenye baridi.

Mpoze kwanza, safari ya hospitali baadaye. Nasisitiza mpangilio huo kwa kuwa watu hufanya kinyume: wanampakia mbwa anayechemka kwenye gari, wanaendesha saa mbili, wanafika na maiti. Akishapoa, hata kama anatikisa mkia, apelekwe kuonwa. Walio upande wa Uluguru wana bahati, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine ipo palepale Morogoro. Walio mbali zaidi watafute namba ya daktari wa mifugo wa wilaya kabla ya kuondoka Dar, kwani huko mbele mtandao wa simu huenda msiupate.

Gari nalo. "Nimemwachia kioo wazi kidogo." Kioo kilichoachwa wazi kidogo hakisaidii kitu cha maana. Gari lililoegeshwa juani hupanda takriban nyuzi 10 ndani ya dakika 10. Kama nje ni 30, wewe umesimama Chalinze kununua mishikaki, mbwa yuko kwenye 40 kabla hujarudishiwa chenji. Shuka naye.

"Mnyoe German Shepherd apate hewa." Hapana. Manyoya yake yanazuia joto la jua kufika kwenye ngozi, na usiku yanazuia baridi. Mchane vizuri, ondoa nywele za ndani zilizokufa, basi. Aliyenyolewa kipara anaungua ngozi.

"Nyayo za mbwa ni ngumu kama kiatu." Ngumu kwa mbwa anayetembea juu ya mawe kila siku, na wako anatembea juu ya vigae. Weka mgongo wa kiganja chako ardhini kwa sekunde saba. Ukishindwa kuuacha hapo, na yeye asikanyage. Mchanga mweusi wa volkano kuzunguka Ol Doinyo Lengai unashika joto vibaya, na mawe yake yanakata. Mzoeshe soksi za mbwa wiki mbili kabla, la sivyo atazitafuna siku ya kwanza. Na akichechemea jioni, mkono wako usiende kwenye diclofenac, ibuprofen wala Panadol. Diclofenac na ibuprofen zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, hasa aliyepungukiwa maji, na Panadol inaweza kumharibu ini. Hakuna "kidogo haina neno" hapo.

Milimani hali inageuka. Mteja aliyenihakikishia kuwa joto si kitu ndiye anayempeleka mbwa yuleyule Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya bahari, mwezi wa saba, alale nje ya hema "kwa sababu ana manyoya." Mbwa wa nywele fupi wa Dar anatetemeka kule. Baridi kubwa inatoka ardhini, kwa hiyo kinachohitajika ni godoro jembamba au mkeka mzito chini yake kuliko blanketi juu.

Kuna sababu nyingine ya kumlaza ndani, na hii inahusu wanaosema "tunaye mbwa, usiku tuko salama." Chui anampenda mbwa kwa maana ya chakula. Mbwa aliyefungwa kamba kwenye mti nje ya hema hana pa kukimbilia, na kubweka kwake kunatangaza alipo. Fisi nao hawamwogopi mbwa mmoja. Alale ndani, zipu imefungwa, na mabaki ya nyama yasiwe karibu.

Nyoka: jiwe la nyoka halinyonyi sumu, maziwa hayaikati, na kukata jeraha kwa wembe kunaongeza jeraha la pili. Bafe anajilaza njiani bila kukimbia, ndiyo maana mbwa anayetangulia kunusa hugongwa puani au mguuni. Mbebe, asitembee, nendeni hospitali. Swila akimtemea machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika kama 15. Kinga ya yote mawili ni kamba fupi mkononi.

Kuhusu wadudu, watu wanajiandaa kwa kupe pekee, tena vibaya. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, na dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokorogwa kwa kukisia inaleta sumu. Kila mwaka naona mbwa waliolegea kwa ajili yake. Tumia kidonge au dawa ya matone ya mbwa, kwa uzito wake. Anayesahaulika ni mbung'o. Kwenye mapori yenye mbung'o mbwa anapata ndorobo, na kwake ugonjwa huu ni mkali kuliko kwa ng'ombe: homa, kukonda, uso kuvimba, macho kupata ukungu mweupe au wa bluu. Dalili huja mkiwa mmeshasahau safari, na daktari asiyeambiwa kuhusu hiyo safari atatibu kitu kingine. Mwambie. Mbung'o wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo nguo, mahema na mkanda wa mbwa viwe vya rangi nyingine.

Mwisho ni hili: "Nitalipa kiingilio cha mbwa getini." Hakuna kiingilio cha mbwa. Hifadhi za taifa, iwe Kilimanjaro, Arusha, Mkomazi, Mikumi, Udzungwa au Saadani, haziruhusu mnyama wa nyumbani kuingia. Kwenye hifadhi za misitu uliza TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, kwenye ardhi ya kijiji uliza serikali ya kijiji, kabla ya safari. Sheria hii ina sababu ya damu. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa, iliua karibu simba 1,000 wa Serengeti, takriban theluthi moja ya waliokuwepo, na virusi hivyo vilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyozunguka. Mbwa mwitu nao walitoweka Serengeti mwaka 1991, kichaa cha mbwa kikiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Kwa hiyo anayeniambia mbwa wake anaishi ndani ya geti na hahitaji chanjo, simpi ruhusa ya moyo kwenda naye popote. Kichaa cha mbwa na ile ya mchanganyiko yenye distempa, zote mbili, na kadi isafiri nanyi. Kama ni chanjo ya kwanza ya kichaa, ifanyike angalau mwezi mmoja kabla ya kuondoka, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kujenga kinga. Ukija kwangu Ijumaa kwa safari ya Jumamosi, nitamchanja, na safari hiyo mbwa atabaki Dar.