Thangliana, ofisa wa mkoloni aliyeandika Kimizo

Wengi mnaokuja huku kwenye nyaraka mnatuuliza mbona bado tunatunza vitabu vya maofisa wa kikoloni. Leo tumchukue mmoja, Thomas Herbert Lewin, Muingereza wa 1839, alifika India 1857 akiwa kijana wa jeshi, baadae akapewa kusimamia vilima vya Chittagong ambavyo siku hizi viko Bangladesh. Huko ndo akajuana na Walushai, ambao leo tunawaita Wamizo, na wenyewe wakampa jina la Thangliana.

Sasa tuelewane, jamaa hakwenda kule kufanya utafiti. Januari 1871 Wamizo walivamia shamba la chai la Alexandrapore kule Cachar, Assam, India, wakamuua James Winchester na kumchukua binti yake Mary, mtoto wa miaka kama sita hivi, maana mashamba ya chai yalikuwa yanazidi kuingia kwenye misitu yao ya kuwindia, na serikali ikajibu kwa kupeleka jeshi kwa njia mbili, moja ikitokea Cachar nyingine Chittagong, na hii ya Chittagong Lewin ndo alikuwa mtu wa kuongea na machifu. Mtoto akarudishwa 1872. Lewin anasimulia kwamba alikutwa ana kiko mdomoni, anawaamrisha watoto wa kiume wa kijijini, Kiingereza kimeshamtoka! Mi kipande hicho naona kinaniambia mengi kuliko ripoti za jeshi.

Aliyemfungulia njia hasa ni chifu Rothangpuia, rafiki yake. Halafu 1874 Lewin akachapisha kitabu cha mazoezi ya kuongea Kilushai, yaani Kimizo hichohicho, kina msamiati na ngano zao humohumo, miaka 20 kabla wamishonari Lorrain na Savidge hawajaingia 1894 wakatengeneza alfabeti ambayo ndo msingi wa maandishi ya Kimizo mpaka leo. Kwahiyo ukisikia wamishonari ndo walikuwa wa kwanza kukiandika, hapo bisha.

Ila ukikisoma hicho kitabu cha Lewin jiulize nani anauliza na nani analazimika kujibu, maana mwandishi ndo huyohuyo serikali. Ukimaliza mfuate John Shakespear, kitabu chake cha 1912 kinaeleza koo na mila na zawlbuk, yaani bweni la vijana wa kiume, kwa upana zaidi, na swali ni lilelile kwa sababu na yeye alikuwa mkuu wa utawala kwenye vilima vya Lushai, kwa Wamizo haohao.