Konsotia ya vyuo si chuo kikuu

"Huyu kasoma ACM, Marekani." Nimeisikia kauli hii mara nyingi mno. Hakuna mtu aliyesoma ACM, kwa sababu ACM ni konsotia ya vyuo: haisajili wanafunzi wala haitoi shahada.

Konsotia ya vyuo ni vyuo vinavyojitegemea vilivyokubaliana kuendesha baadhi ya mambo kwa pamoja. Basi. Associated Colleges of the Midwest, yaani hiyo ACM, ilianzishwa mwaka 1958 na vyuo 10, baadaye vikafika 14, na ofisi yake iko Chicago. Ni vyuo vidogo vya shahada ya kwanza, ambako anayebobea kwenye baiolojia husoma pia falsafa na historia.

Nadhani kinachotupoteza ni vyuo vishiriki. DUCE ya Dar es Salaam na Mkwawa ya Iringa ni vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Juu yao kuna chuo mama, na shahada ni ya chuo mama. Kwa hiyo tukisikia "vyuo 14 chini ya ACM" tunatafuta mama. Hayupo! Grinnell, mojawapo ya vyuo hivyo 14, ina bodi yake, ada zake na shahada zake. Knox vivyo hivyo, Beloit vivyo hivyo. ACM inafanana zaidi na chama cha ushirika: kila mkulima na shamba lake, mashine ya kukoboa ni ya wote.

Mashine yenyewe ni programu ambazo chuo chenye wanafunzi elfu moja na kitu kingehangaika kuziendesha peke yake. Imekuwapo semina ya utafiti katika maktaba ya Newberry, Chicago. Kulikuwa na ile iliyowaleta vijana Tanzania: walisoma Kiswahili na masomo mengine pale Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha wakaenda kaskazini kufanya utafiti wa ikolojia na chimbuko la binadamu. Wengi wetu tulilijua jina la ACM kupitia hao. Wakirudi, alama zilihesabiwa kwenye chuo cha kila mmoja.

Hata neno "Midwest", yaani majimbo ya kati-kaskazini mwa Marekani, lisikubane sana. Colorado College imo, na ipo Colorado Springs, chini ya milima ya Rocky. Wala jina Cornell lisikuchanganye: iliyomo ni Cornell College ya Iowa, ambayo haihusiani na Cornell University ya New York, na ndiyo iliyotangulia: 1853 kwa 1865. Lakini huo ni ugomvi wa siku nyingine.

Kwa hiyo, ukijaza fomu ya kazi au ya uhakiki wa vyeti, andika jina la chuo lililo kwenye cheti. ACM iandike kwenye mstari wa programu ulizoshiriki, na ukimsimulia shangazi sema tu, "alikuja Mlimani kwa programu ya ACM, chuo chake ni Macalester."