Andrei Kozyrev: waziri aliyechukua kiti cha Murmansk

Desemba 17, 1995, wakazi wa Murmansk walipiga kura ya ubunge gizani. Mji huo uko kaskazini kabisa mwa Urusi, na tangu mwanzoni mwa Desemba jua halichomozi kwa siku zipatazo 40; saa sita mchana kuna mwanga hafifu tu, kama wa alfajiri. Mmoja wa wagombea alikuwa Andrei Kozyrev, Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo. Akashinda. Kabla mwezi haujaisha tangu siku hiyo, hakuwa waziri tena.

Mtu anayeongoza diplomasia ya dola yenye silaha za nyuklia alikuwa anatafuta nini kwenye jimbo la wavuvi na mabaharia?

Kozyrev alizaliwa Brussels mwaka 1951, akasoma MGIMO, chuo cha Moscow ambamo wanadiplomasia wa Kisovieti walipikwa wakapikika. Alihitimu 1974 akaingia wizarani, idara ya mashirika ya kimataifa. Kazi ya idara ya namna hiyo ni karatasi: hotuba za wakubwa, rasimu za maazimio ya Umoja wa Mataifa, mabishano ya usiku kucha juu ya nukta na mkato. Mwaka 1988 alitoa makala yaliyohoji faida ambayo Moscow ilipata kwa kuzibeba serikali rafiki za Dunia ya Tatu. Miaka michache nyuma, maneno kama hayo yangemfukuzisha kazi.

Oktoba 1990, akiwa na miaka 39, akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Jamhuri ya Urusi, chini ya Boris Yeltsin. Cheo kikubwa, kazi ndogo. Urusi ilikuwa bado jamhuri ndani ya Umoja wa Kisovieti, na Umoja ulikuwa na waziri wake, mabalozi wake na jengo lake la ghorofa 27 pale Smolenskaya, Moscow. Agosti 1991 wahafidhina walipojaribu kupindua serikali, Yeltsin alimtuma Kozyrev Paris, awe tayari kuunda serikali ya uhamishoni endapo mambo yangeharibika. Mapinduzi yakazimika siku ya tatu. Desemba mwaka huohuo Umoja wenyewe ukavunjwa, na jengo la Smolenskaya likawa lake.

Alielekeza macho Magharibi. Fedha hazikuwepo, balozi kadhaa za Afrika zikafungwa, na bara letu likashuka chini kabisa kwenye orodha ya vipaumbele vya Moscow. Wapinzani wake nyumbani walimwita Bwana Ndiyo, kwa kumlinganisha na Andrei Gromyko, waziri wa Kisovieti wa miaka 28 aliyesifika kwa kukataa.

Tukio linalomweleza vizuri kuliko yote ni la Stockholm, Desemba 14, 1992. Mawaziri wa Mkutano wa Usalama na Ushirikiano wa Ulaya walikuwa wamekaa wakitarajia hotuba yake ya kawaida, ya kirafiki. Kozyrev akasoma kitu kingine kabisa: kwamba Serbia itegemee msaada wa Urusi kuu, vikwazo dhidi ya Yugoslavia viondolewe, na eneo lote la uliokuwa Umoja wa Kisovieti ni mahali ambapo Urusi italinda maslahi yake kwa njia zote zilizopo, za kijeshi na za kiuchumi. Ukumbi ukapigwa na butwaa. Lawrence Eagleburger, waziri wa Marekani, akamvuta pembeni kumuuliza kulikoni. Saa moja hivi baadaye Kozyrev alirudi jukwaani akaeleza kwamba zile hazikuwa sera zake: alitaka wasikie jinsi Urusi ingezungumza iwapo wapinzani wa Yeltsin wangeshika madaraka. Siku hiyohiyo Moscow, Yegor Gaidar, kinara wa mageuzi ya uchumi, alipoteza uongozi wa serikali.

Kwa maoni yangu, lilikuwa onyo la kweli lililotolewa kwa njia mbaya. Waliokuwa ukumbini walibaki na hasira ya kuchezewa, na wahafidhina wa Moscow wakapata hoja kwamba waziri wao anaichukulia nchi kama mzaha. Ajabu ni kwamba baadhi ya maneno ya hotuba ile akaja kuyasogelea mwenyewe. Desemba 1, 1994, huko Brussels alikozaliwa, aligoma kutia saini hati za ushirikiano na NATO zilizokuwa zimeshaandaliwa mezani, akilalamikia mipango ya jumuiya hiyo kujipanua kuelekea mashariki.

Sasa turudi Murmansk. Januari 11, 1993, Kozyrev alikuwa Kirkenes, mji wa Norway jirani na mpaka wa Urusi, kutia saini azimio lililoanzisha ushirikiano wa eneo la Barents, kaskazini mwa Ulaya. Kwa watu wa Murmansk hiyo ilikuwa biashara, mazingira na mpaka uliofungwa kwa miongo kufunguka kidogo. Desemba 1993 aligombea ubunge huko akapita. Mwanadiplomasia ana mwajiri mmoja tu, rais, na akichukiwa na huyo hana pa kukimbilia. Kozyrev alijitafutia mwajiri wa pili.

Kwa Mtanzania, aliyezoea mawaziri wanaotoka bungeni, hilo halina cha kushangaza. Katiba ya Urusi ya 1993 hairuhusu, kama ile ya Kenya ya 2010: mbunge hawezi kuwa waziri kwa wakati mmoja. Ila masharti ya mpito yaliwaachia mawaziri wa Duma ya kwanza (Duma ni bunge la chini la Urusi), ya miaka miwili, washike vyote viwili. Duma ya pili haikuwa na mwanya huo.

Oktoba 1995 Yeltsin aliwaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba hajaridhika na waziri wake. Baada ya uchaguzi wa Desemba, Kozyrev alichukua kiti na kuacha wizara, ambayo Januari 1996 ilikwenda kwa Yevgeny Primakov, mkuu wa ujasusi wa nje. Bungeni hakung'ara. Muhula ulipokwisha aliachana na siasa za uchaguzi akageukia biashara, na baadaye akahamia Marekani. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, aliwataka wanadiplomasia wa nchi yake wajiuzulu.

Wizara aliyokuwa akiisema inaongozwa tangu 2004 na Sergey Lavrov, aliyekuwa naibu wake kati ya 1992 na 1994. Mwaka 2021 Lavrov naye alisimama karibu na kilele cha orodha ya chama tawala katika uchaguzi wa Duma. Kura zilipohesabiwa, kiti alikiacha akabaki Smolenskaya.