Mbona Mirihi ina kaboni dayoksaidi kibao na bado ni baridi?

Hili swali naulizwa sana na nalipenda, maana ukilielewa umeelewa nusu ya kazi yangu. Hewa ya Mirihi ni kaboni dayoksaidi asilimia 95, ya kwetu haifiki hata asilimia 0.05, sasa kama kweli hiyo gesi inashika joto mbona kule wastani ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri? Jua liko mbali zaidi, sawa, lakini ukipiga hesabu ya kilo za hiyo gesi juu ya kila mita ya mraba Mirihi inatuzidi zaidi ya mara 20, halafu joto inaloongeza ni nyuzi kama 5 tu!

Anzia kwenye molekuli yenyewe. Atomu 3 kwenye mstari mmoja, kaboni katikati, oksijeni huku na huku. Ikipinda, kaboni inaenda juu oksijeni zinashuka, chaji za umeme zinahama upande, na hapo ndo inameza infraredi (joto linalosafiri kama mwanga usioonekana) yenye urefu wa wimbi wa maikromita 15, karibu na pale ardhi inapotoa joto lake kwa wingi. Naitrojeni ni atomu mbili zinazofanana, chaji haihami popote, kwa hiyo infraredi inaipita tu.

Sasa ukiichungulia hiyo maikromita 15 kwa kifaa kizuri unakuta maelfu ya mistari myembamba, yaani mawimbi ambayo gesi inayameza, imejipanga kama meno ya kitana, na molekuli zikigongana sana kila mstari unanenepa. Kwetu presha ya usawa wa bahari ni milibari 1013 hivi, Mirihi kama 6, yaani mistari inabaki myembamba sana na joto linapenya katikati yake kwenda zake. Ongeza gesi utakavyo, katikati ya mstari pameshajaa, yaani joto la hapo limeshamezwa lote, kazi iko pembeni. Na mvuke wa maji wa kuziba hayo mapengo karibu haupo.

Zuhura nayo ina presha zaidi ya mara 90 ya kwetu, mistari imevimba ikaingiliana, na molekuli mbili zikigongana zinameza hata mawimbi ambayo moja peke yake ingeyaachia. Chini kule ni nyuzi 460 na zaidi.

Ndo maana wanaosema gesi ya Dunia "imeshajaa", yaani ukiongeza nyingine haiongezi joto, nawaomba waangalie kingo za bendi, yaani za hilo kundi zima la mistari, kwenye maikromita 13 na 17 hivi. Pale bado joto linatoka, na kila gesi ikiongezeka linapungua.