Afande akiuliza nani aliazima kitabu

Nilipoanza ukutubi, maktaba yetu ilikuwa bado inatumia tiketi za Browne. Kila mwanachama alikuwa na vijifuko vya kadibodi vyenye jina lake. Ukiazima kitabu, kadi ya kitabu hutumbukizwa kwenye kijifuko chako na kupangwa kwenye trei ya kaunta. Ukirudisha, kadi inarudi kitabuni, nawe unapewa kijifuko chako. Basi. Hakuna aliyejua tena ulisoma nini, hata sisi wenyewe.

Kisha ikaja kompyuta. Foleni zikapungua, lakini mashine haisahau mpaka iambiwe isahau. Hilo lilitufikia siku afande mmoja alipokuja kuuliza nani wote walioazima kitabu fulani tangu Januari. Alikuwa mpole, ila hakuwa na karatasi yoyote. Kijana wetu wa kaunta alikuwa ameshashika kipanya.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. Nikamgeukia mgeni: "Afande, amri ya mahakama hupokewa na mkutubi mkuu. Nikupeleke kwake?"

Akasema atarudi. Hakurudi.

Si kwamba polisi hawana njia. Hapa Kenya hakimu anaweza kutoa hati ya upekuzi, na ikija tunaisoma neno kwa neno, tunampigia wakili, tunatoa kilichotajwa humo tu. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitaki taarifa za mtu zikae kuliko zinavyohitajika. Aliyeazima kitabu cha talaka hajamwacha mtu. Wa milipuko huenda ana mtihani wa kemia kesho.

Wanagenzi huwa nawasimulia kisa cha Connecticut, Marekani. Julai 2005, FBI, shirika la upelelezi la serikali ya huko, waliupelekea muungano wa maktaba uitwao Library Connection barua ya kudai taarifa za kompyuta iliyotumika kwa dakika 45 alasiri moja ya Februari. Barua haikutoka kwa jaji, na iliwakataza kumwambia mtu yeyote. Wakutubi wanne walishtaki. Kesi yao iliposikilizwa Bridgeport, hawakuruhusiwa hata kuingia. Waliitazama kwenye televisheni wakiwa Hartford, ndani ya chumba kilichofungwa. Serikali iliacha kutetea marufuku hiyo mwaka 2006, baadaye ikaliacha na ombi lenyewe. Ila Bunge la Marekani lilikuwa limeshaihuisha Sheria ya PATRIOT, iliyopanua uwezo wa FBI kutuma barua kama hizo, mwezi Machi, wakati watu waliokuwa na la kusema wamezibwa midomo. Mimi hapo ndipo huniuma zaidi.

Kwetu tunatumia Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba. Inaweza kuondoa jina la msomaji kwenye rekodi za vitabu vilivyokwisha kurudishwa, lakini lazima mtu aiagize. Tukaiagiza. Nikadhani tumemaliza, hadi nilipokumbuka nakala rudufu za seva: za miaka kadhaa, majina yote ndani, kwenye kabati lisilo na kufuli.

Na bado kulikuwa na daftari la kompyuta za umma, wazi juu ya kaunta: jina, namba ya simu, saa ya kuingia. Hilo halikuhitaji afande. Kila anayejiandikisha alisoma habari za waliomtangulia. Sasa tunaandika namba ya kadi ya uanachama peke yake, kwenye karatasi ya siku hiyo, na jioni inapitishwa kwenye mashine ya kukatakata.