Je, wajua kwanini huwezi kumtazama mtoto mtukutu ukajua mama yake alivuta bangi akiwa na mimba?

Hapa Tanga ukikaa kwenye baraza lolote la kahawa kule Ngamiani utalisikia. Mtoto kapanda ukuta wa madrasa, kamrushia mwenzie kandambili, ustadhi kamshika sikio na saa nne bado haijafika, basi mtu anaweka kikombe chini anasema "mnashangaa nini, mama yake huyo alikuwa anavuta ndumu na mimba yake", na wenzie wanaitikia kesi imeisha. Swali lililomo humo ni zuri: bangi ya mama mjamzito inaweza kweli kuonekana kwenye tabia ya mtoto miaka saba au kumi baadae? Inawezekana, ila kwa njia tofauti kabisa na ya barazani na kwa uhakika mdogo sana kuliko ule.

Kufika kwa mtoto inafika. Wapo wanaosema ni jani tu, linatuliza kichefuchefu na linaishia kwa mama, si kweli. Kemikali yake inayolevya, THC, ambayo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga mwaka 1964, inapenda mafuta, inapita kwenye kondo la nyuma na inakaa mwilini siku nyingi, hata kwenye maziwa ya mama imeshapimwa ikakutwa siku sita baada ya kutumia mara ya mwisho. Na bangi yenyewe imekuwa kali, ile iliyokamatwa Marekani ilikuwa na THC kama asilimia 4 mwaka 1995, kufika 2014 ikawa kama asilimia 12.

Sasa inafanya nini huko ndani? Hapa ndipo mambo yanaponoga, maana ubongo una kemikali zake wenyewe zinazofanana kazi na THC. Kipokezi chao kikuu, yaani pale kwenye seli kemikali hizo zinaposhika, kinaitwa CB1, jeni yake ilitambuliwa 1990, na mwaka 1992 ikapatikana kemikali ya mwili wenyewe inayokaa pale, anandamaidi. Kwa mtu mzima zinagusa hamu ya kula, maumivu, kumbukumbu. Kwa mtoto aliye tumboni zina kazi nyingine kabisa, zinaongoza nyuzi za neva zinapokua ziende wapi.

Fikiria mashua inarudi Sahare usiku. Nahodha haoni ufukwe, anafuata taa, hii inawaka anajua akate kushoto, ile inazimwa anajua kashapita mwamba, nyingine inawashwa mbele anajua pa kushukia, yaani taa ina maana kwa sababu inawaka kwa zamu yake na kuzimwa kwa zamu yake. Anandamaidi ndio taa hizo, inatengenezwa pale inapohitajika na mwili unaivunja baada ya muda mfupi. THC ikiingia ni kama mtu kawasha karabai ufukwe mzima na kuziacha zinawaka siku kadhaa. Mashua haizami, na hili watu hawalielewi, mashua inafika salama ila pengine imeshukia pembeni kidogo ya pale ilipokusudiwa. Ndio maana mtoto anaweza kuzaliwa mzima, analia vizuri, ananyonya vizuri, na kama kuna tofauti ikaja kuonekana shuleni, kwenye kutulia na kusikiliza. Lakini sehemu kubwa ya maelezo haya imetoka kwa panya na kwenye seli za maabara, kwa binadamu tunaona vipande tu.

Na vipande vyenyewe havikubaliani. Utafiti wa Pittsburgh, Marekani, ulioanza 1982 ulifuata watoto tangu mimba, na walipofika miaka 10 wale ambao mama zao walivuta walionekana zaidi kutotulia, kukurupuka na kushindwa kukaza akili. Wengi wanaishia kusoma hapo. Mwaka 2019 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, wakaangalia na akina baba, wakakuta watoto ambao BABA zao walitumia bangi kipindi cha ujauzito nao walikuwa na ukorofi zaidi. Hebu litafakari hilo, baba hana kondo la nyuma, moshi wake haupiti kwenye kitovu cha mtoto, sasa kama ya baba inaonekana kwenye tabia ya mtoto basi sehemu ya tunachokiona inatoka kwingine, kwenye damu ya ukoo, kwenye msongo wa mawazo, sigara, shida za pesa, nyumba isiyo na utulivu. Kabla ya hapo, 1994, utafiti mdogo wa Jamaika ulikuta vichanga wa wamama wanaotumia ganja wanapimwa vizuri zaidi wakiwa na mwezi mmoja, na watafiti wenyewe wakasema sababu ni hali ya kijamii na kiuchumi ya wale wamama, siyo ganja.

Kwa hiyo yule wa barazani anachukua mtoto mmoja, anaruka nyumba nzima na baba mzima, anamtwisha mama. Hii inaniuma kwa sababu ina madhara, dada mwenye mimba anayeogopa kunyooshewa kidole, na bangi kwetu ni kosa la jinai, atamwambia nani pale kliniki? Anakaa kwenye benchi na kadi yake mkononi, anajibu hapana, anarudi nyumbani na kichefuchefu chake kilekile.

Lenye ushahidi mzito ni uzito wa kuzaliwa. Mapitio ya akademi za kitaifa za sayansi za Marekani ya 2017 yalisema ushahidi wa watoto kuzaliwa na uzito mdogo ni mkubwa, wa tabia za baadae hautoshi. Hilo peke yake linatosha kuacha, na anayevuta kuzuia kutapika ajue pia kwamba tangu 2004 madaktari wameeleza watu wanaotapika sana kwa sababu ya bangi yenyewe ya muda mrefu.

Na aliyevuta kabla hajajua ana mimba? Uchambuzi wa watoto zaidi ya 11,000 Marekani, uliotoka 2021, ulikuta wale ambao mama zao waliacha walipojua hawakuwa tofauti na wengine baada ya kuhesabu mambo mengine ya nyumbani, tofauti ilibaki kwa wale ambao mama zao waliendelea. Wamama waliulizwa miaka 9 au 10 baadae, kwa hiyo kumbukumbu zina mipaka yake, ila inaendana na kwamba mwanzoni kabisa mwa mimba vipokezi vile bado ni vichache kwenye ubongo wa mtoto. Anayeacha wiki hii mtoto wake bado ana nyuzi nyingi ambazo hazijaanza safari.